Siku ya Matairi Mapana

Pale barabara ya lami inapoishia na ya udongo inapoanza, palikuwa na kibanda cha mabati kilichozungukwa na matairi. Mengine yalipangwa moja juu ya jingine mpaka yakampita mtu urefu, mengine yalifukiwa nusu ardhini yakawa viti vya wateja. Mwenye kibanda alikuwa fundi wa matairi, na watu walimwita Upepo. Jina lilitokana na mashine yake ya kujazia upepo, iliyounguruma tangu asubuhi mpaka jioni, ingawa kinyozi wa kibanda cha jirani alikuwa na maelezo yake mwenyewe. "Mashine ina swichi ya kuzimia," alisema. "Mwenyewe hana."

Kweli Upepo alipenda kuongea, na cha kuongea alikuwa nacho. Miaka kumi na miwili ya ujana wake aliitumia kufanya kazi mbali, kwenye nchi ya mchanga mtupu, na kampuni iliyokuwa ikitafuta madini. Huko ndiko alikojifunza matairi. Aliona magari yakizama mpaka milangoni, akaona mengine yakipita palepale juu ya matairi mapana kana kwamba yanateleza kwenye mkeka. Aliporudi nyumbani alirudi na kifua mbele. Mteja akija na pancha ndogo tu, aliondoka na tairi lililozibwa na hadithi tatu za jangwani.

Kaka yake mkubwa alikuwa kinyume chake kabisa. Ungesema mama yao aligawa maneno kwa wanawe, Upepo akabeba fungu la wote wawili. Kaka alikuwa na pikapu ya zamani, imara, aliyoitumia kushusha maziwa kutoka milimani kuyaleta mjini. Ile njia alikuwa ameiendesha miaka ishirini. Alijua jiwe gani liko wapi, na akipishana na mtu alipunga mkono kabla hajamwona vizuri, kwa kuwa alijua ni nani hupita wapi saa ngapi. Huko juu ndiko alikoishi mama yao, pamoja na dada yao wa mwisho ambaye nyumbani walimwita Kitinda. Kila siku aliyopanda, kaka alisimama kwao, akanywa chai kwa haraka, akamsalimia mama, akarudi na madumu yake.

Mwaka huo, kiangazi kikiwa katikati, matairi ya pikapu yakawa vipara. Kaka akaja kibandani.

"Nataka kama haya haya," alisema akiyapiga teke la taratibu. "Marefu, membamba."

Upepo akacheka. Mbele ya kibanda, siku hiyo hiyo, kulikuwa na matairi manne mapana pamoja na rimu zake, yenye meno makubwa kama ngumi ya mtu mzima. Aliyapata kwa tajiri mmoja aliyekuwa akiliuza gari lake vipande vipande, na tangu asubuhi wapita njia walikuwa wakisimama kuyashika.

"Kaka, bado uko zama zile?" aliuliza. "Njoo uone vitu. Haya ni yako. Nakupa. Zawadi ya mdogo wako."

Kaka aliyazunguka matairi yale mara moja. Akachuchumaa, akapima upana kwa shubiri. "Ni mazuri," alisema. "Ila kule si mchanga. Kule juu kuna udongo mweusi, na chini yake kuna mwamba. Mvua ikinyesha, tairi jembamba linalikata tope mpaka linakanyaga pagumu. Hili litaelea juu juu."

"Kuelea ndiyo raha yenyewe!" Upepo alipaza sauti, na waliokuwa wamekaa kwa kinyozi wakageuka. Akaichukua spana, akaichomeka kwenye lundo la mchanga lililokuwa pembeni, ikazama mpaka shingoni. Kisha akakiweka kiganja wazi juu ya mchanga uleule na kukiegemea. Hakikuzama. "Mmeona?"

"Tumeona!" waliitikia wale wa kwa kinyozi.

"Kwenye mchanga, nimeona," alisema kaka.

Watu wakacheka, na safari hii walimcheka Upepo. Hapo ndipo kiburi kilipompanda. Kama wangekuwa wawili tu, huenda angenyamaza akafikiri. Lakini kulikuwa na kinyozi, na mshona viatu, na vijana wa bodaboda, na yeye alikuwa fundi mbele ya kibanda chake mwenyewe.

"Sikiliza, kaka," alisema. "Wewe endesha. Mambo ya matairi niachie mimi. Au unadhani miaka kumi na miwili nilikuwa kule nikihesabu nyota?"

Kicheko kikahamia upande wa pili. Kaka alitazama chini, akaufuta mkono wake wenye vumbi kwenye suruali.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Yakafungwa. Madigadi juu ya magurudumu yalibidi yakunjwe kidogo kwa nyundo ili yasiguse, na usukani ukawa mzito kuliko zamani, lakini pikapu ikabadilika sura. Ilinenepa, ikainuka, ikawa kama mtu aliyevaa koti la mkubwa wake. Kwa miezi miwili Upepo alikuwa na haki ya kujipiga kifua. Karibu na machimbo kulikuwa na kipande cha mchanga ambacho siku zote kaka alikivuka kwa kusukumwa. Sasa alikipita huku akipiga mluzi. Wenye magari wakaja kuuliza. Upepo akawa anawaelekeza kwa kidole: "Mwulizeni kaka yangu. Mimi sisemi kitu." Halafu akasema kwa nusu saa.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya, kaka alikuja kibandani na tope limeganda mpaka kwenye vioo vya pikapu. Hakushuka. Aliongea kupitia dirishani.

"Jana gari limenivuta pembeni. Pale Sabuni."

Sabuni ndilo jina ambalo madereva walikipa kile kilima cha mwisho kabla ya kufika juu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu.

"Punguza upepo kidogo," alisema Upepo.

"Nimepunguza. Ndiyo likateleza zaidi." Kisha kaka akasema kwa upole, kama anayeomba sukari kwa jirani, "Mdogo wangu, mvua zikianza kweli, nirudishie membamba. Haya tutayafunga tena kiangazi."

"Yale yako ni vipara."

"Basi nitafutie mengine."

"Nitakutafutia," alisema Upepo.

Hakumtafutia. Baadaye alijiambia kwamba alisahau, akaliamini jambo hilo kwa muda mrefu. Ukweli ni kwamba matairi membamba ya saizi ile yalikuwepo mjini, kwenye duka alilolipita kila wiki, na mara mbili alisimama mbele yake. Aliwaza jinsi kinyozi atakavyouliza kwa nini yale mapana yanafunguliwa. Akaendelea na safari yake.

Mvua zikaanza. Siku tatu mfululizo zilinyesha bila kupumua. Siku ya nne, Jumamosi, saa tatu asubuhi, Kitinda akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu ule ndio uliomtisha Upepo.

"Kaka, mama anawaulizia. Leo si kama siku zote. Njooni."

Mama yao alikuwa mgonjwa wa kifua tangu mwaka uliotangulia. Kulikuwa na siku za nafuu na siku za shida, na wote walikuwa wamezoea. Lakini Kitinda hakuwa mtu wa kupiga kelele bure. Upepo alizima mashine, akampigia kaka simu, akavuta mlango wa mabati, na dakika chache baadaye kaka alikuwa mbele ya kibanda, injini ikiunguruma.

Njia ya chini walikwenda vizuri. Walipita machimbo. Mvua ilikuwa imekatika na jua likajaribu kutoka, na Upepo akaanza kusimulia jinsi mama alivyowahi kumkimbiza fundi cherehani kijiji kizima kwa sababu ya gauni lililokatwa vibaya. Kaka akatabasamu. Saa tano walifika chini ya Sabuni. Kaka akaingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne, akashika usukani kwa mikono miwili, akaanza kupanda polepole.

Walifika nusu. Upepo alihisi pikapu ikilegea chini yao, kama mtu anayesinzia akiwa amesimama. Pua ilikuwa ikitazama juu lakini mkia ulikuwa ukienda pembeni. Kaka hakukanyaga breki, alijua zaidi ya hapo. Alijaribu kuirudisha kwa usukani, na usukani ukazunguka bila kushika kitu. Pikapu ikashuka kiubavu taratibu, bila kelele, mpaka magurudumu ya nyuma yakatumbukia mtaroni.

Walishuka. Upepo akayatazama matairi. Yale meno makubwa kama ngumi hayakuonekana tena. Udongo mweusi ulikuwa umeyaziba yote, na tairi lilikuwa duara moja laini linalong'aa. Nyuma yao, mahali walipopita, barabara ilikuwa imepakwa tu. Hakuna alama iliyokuwa imezama hata kidole kimoja.

"Tukate matawi," alisema.

Wakakata matawi. Wakapanga mawe. Wakaweka ubao chini ya jeki, ubao ukazama, wakaweka mwingine. Kaka alikaa kwenye usukani, Upepo akasukuma, akarushiwa tope usoni. Saa mbili nzima zilipita hivyo. Pikapu ilitoka hatua moja, ikarudi mbili. Mara kwa mara kaka alitazama juu ya kilima, kisha akaitazama saa yake, kisha akainama tena kwenye mawe.

Ndipo waliposikia gari likija. Lilikuwa pikapu ya mwanamke mmoja mfanyabiashara aliyejulikana na wote kama Mama Viazi. Kila Jumamosi alipanda na magunia matupu na kushuka na yaliyojaa. Gari lake lilikuwa kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na matairi yake yalikuwa membamba kiasi kwamba Upepo aliwahi kumwuliza mbele ya watu kama ameyavua kwenye baiskeli. Lilipanda taratibu, likilalamika kwa gia ya chini kabisa, huku likichora mistari miwili myembamba kwenye tope. Mistari ile ilikuwa na kina. Chini yake ulionekana mwamba.

Lilipita ubavuni mwao bila hata kuyumba. Hatua chache mbele, palipo na tambarare kidogo, Mama Viazi akasimama na kutoa kichwa dirishani.

"Ninyi! Si mnakwenda kwa mama yenu? Nimesikia hali si nzuri."

"Ndiyo," alijibu kaka.

"Basi pandeni nyuma kwenye magunia, twende. Hilo liacheni, halina miguu ya kukimbia."

Kaka alikuwa tayari ameufungua mlango wa pikapu yao na kuchukua koti lake kwenye kiti. Upepo alimwona. Aliliona lile koti la kijivu mkononi mwa kaka yake, akaona kaka akipiga hatua ya kwanza. Na ndani yake kitu kikakataa. Alijiona amekaa juu ya magunia ya Mama Viazi, kwenye matairi ya baiskeli, akiingia kijijini, watu wakitazama. Alijiona akiulizwa pikapu iko wapi.

"Tangulia tu, mama," alisema, na sauti yake ilitoka yenye uchangamfu kabisa. "Sisi tumeshamaliza. Dakika kumi tunatoka hapa."

Mama Viazi aliitazama pikapu, akayatazama mawe. "Dakika kumi?"

"Kumi hazifiki."

"Hata mmoja wenu basi. Wewe mkubwa?"

Kaka alimtazama Upepo. Alisubiri, kwa muda ambao Upepo angeweza kusema "nenda, kaka", maneno mawili tu. Upepo aliinama akashika jeki.

Kaka akalirudisha koti kitini. "Nitabaki nimsaidie," alisema.

"Sasa nikamwambie nini mama yenu?"

"Mwambie tunakuja," alisema Upepo bila kuinua uso.

Zile dakika kumi zikawa saa mbili na nusu. Jua lilipoanza kuinama wakakubali, wakaiacha pikapu palepale na kupanda kwa miguu, viatu vikiwa vizito kama matofali. Njia yote Upepo alikuwa akikanyaga pembeni ili asikanyage ile mistari miwili.

Walipofika ilikuwa saa kumi na moja. Uani kulikuwa na majirani wamekaa, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na hakuna aliyesimama kuwapokea kwa bashasha. Hapo Upepo alijua. Kitinda alikuwa amesimama mlangoni, kanga imefungwa kiunoni, macho makavu.

"Saa tisa kasorobo," alisema.

Kaka aliketi chini pale pale, kwenye ngazi, na viatu vyake vya tope. Upepo alibaki amesimama. Alitafuta la kusema, na ulimi wake ambao haukuwahi kumwangusha ukamletea neno moja.

"Barabara, mdogo wangu. Barabara imetufunga."

Kitinda alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kana kwamba anamsoma maandishi madogo usoni.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Barabara."

Akawapisha waingie.

Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, ndiye aliyemweleza Upepo siku ya pili kwamba Mama Viazi alipofika na salamu zao, mgonjwa alichangamka. Aliomba anyanyuliwe, awekewe mito mgongoni, na kitanda kigeuzwe kidogo ili autazame mlango. Alikaa hivyo zaidi ya saa moja. Upepo alimshukuru jirani kwa kumweleza, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama huko akiwa ameshika ukuta.

Trekta la jirani liliitoa pikapu baada ya mazishi. Wiki moja baadaye kaka aliileta kibandani. Aliomba spana, akayafungua mwenyewe yale matairi manne, akayabeba moja moja na kuyaegemeza ukutani. Alikuwa amekuja na membamba yake, aliyoyanunua pale dukani mjini. Kinyozi alitazama akasahau kunyoa. Hakuna aliyetania. Kaka alimaliza, akairudisha spana mahali pake, akasema, "Asante, mdogo wangu," na Upepo alitamani angemtukana.

Mwezi haukuisha kaka akaiuza pikapu. Alisema macho yamechoka. Akaanza kufuga kuku nyuma ya nyumba yake, na maziwa yakapelekwa na mtu mwingine, ambaye hakujua nani hupita wapi saa ngapi.

Upepo aliendelea na kazi. Maneno hayakumwisha moja kwa moja, lakini yalipungua, na hadithi za jangwani alizisimulia kwa kuombwa. Mama Viazi alipokuja na pancha, Upepo alimhudumia kabla ya wote, akamfutia na vioo ambavyo hakuomba afutiwe. Alikuwa akimchunguza uso. Je, mama huyu alisema? Aliwaambia kwamba aliwapa nafasi wakakataa? Mama Viazi alizungumza naye bei za mbolea na ubaya wa mvua, na jambo lile hakuligusa. Miaka ikapita, na Upepo akaanza kuamini kwamba hakusema.

Aliamini hivyo zaidi kwa sababu ya Kitinda. Dada yake huyu, ambaye utotoni alikuwa akijificha nyuma ya mlango wageni wakija, aliibuka kuwa mtu mwingine. Alianza kwa kuandika barua. Halafu akakusanya sahihi, nyumba kwa nyumba, mpaka za vikongwe wasiojua kuandika. Alikwenda ofisi hii akaambiwa aende ile, akaenda ile akaambiwa karani yuko likizo, akakaa kwenye benchi akamngoja karani arudi likizo. Alichotaka ni barabara. Kila alipoulizwa kwa nini, alisema mama yake alikufa akiwangoja wanawe waliozuiwa na tope. Watu walimwelewa. Upepo alisimama naye kwenye mikutano miwili, akaombwa athibitishe, akathibitisha.

Siku moja alikwenda kwa kaka yake akamkuta akiwamwagia kuku pumba. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Kaka, laiti ningekusikiliza," alisema. "Siku ile ya matairi."

Kaka aliendelea kumwaga pumba. "Matairi tungeyasamehe," alisema. "Gari huteleza. Hata yale membamba yaliwahi kunitupa mtaroni."

"Basi ni lile la Mama Viazi."

"Ndiyo, lile."

"Nilipaswa kukwambia uende."

"Ulipaswa," kaka alikubali. Kisha akakaa chini, jambo ambalo Upepo hakulitarajia, na sauti yake ikawa nzito. "Lakini mimi ni mtu mzima. Koti nililirudisha mwenyewe. Kila siku nalirudisha. Unadhani niliacha gari kwa sababu ya macho?"

Upepo alikuwa ameubeba mzigo ule akidhani ni wake peke yake, na kumbe alikuwa amemtwika na kaka yake miaka yote.

"Umwambie Kitinda," alisema kaka. "Mimi siwezi kumwambia bila kukutaja."

"Nitamwambia," alisema Upepo.

Hakumwambia mwaka huo, wala uliofuata. Alipanda mara nyingi na nia, akashuka nayo. Siku moja dada yake alikuwa na wageni. Siku nyingine alikuwa na furaha, na Upepo hakutaka kuiharibu. Siku nyingine alikuwa na huzuni, na hakutaka kuiongeza.

Mwaka wa tisa tangu mama afariki, barabara ikajengwa. Haikuwa ya lami, lakini ilimwagwa kifusi kizuri, ikashindiliwa, ikachimbiwa mitaro ya kweli kila upande, na Sabuni ikakatwa mpaka ikawa mteremko wa kawaida. Siku ya kuifungua walimpa Kitinda kipaza sauti. Alisema maneno machache. Alisema hakutaka tena mama yeyote autazame mlango bure. Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi, na mzee mmoja akamshika Upepo bega akamwambia, "Pole sana, kijana wangu. Hii barabara iliwatesa." Upepo akasema asante.

Alasiri ile, wageni walipotawanyika, alimfuata dada yake jikoni. Kitinda alikuwa anaosha vikombe. Upepo akachukua kitambaa, akaanza kuvifuta.

"Kitinda, nina jambo."

"Sema, kaka."

"Siku ile, sisi tungefika. Mama Viazi alisimama. Alitwambia tupande nyuma. Kaka alitaka, alikuwa na koti mkononi. Mimi ndiye niliyekataa. Niliona aibu. Si barabara. Ni mimi."

Kitinda aliendelea kusugua kikombe kilichokwisha takata. Akakisuuza. Akakiweka.

"Najua," alisema.

Upepo alidhani hakusikia vizuri.

"Najua, kaka. Mama Viazi aliniambia siku ile ile, kabla hamjafika. Alikuwa analia. Alisema laiti angewavuta kwa nguvu."

"Ulijua? Miaka yote hii?"

"Nilikuwa najua tayari uliposimama pale mbele ya mlango ukasema barabara."

"Sasa kwa nini ulikubali? Kwa nini ulizunguka maofisini kote na..."

"Kwa sababu nilihitaji kitu cha kulaumu kisichokuwa ndugu yangu." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma orodha. "Na barabara ilikuwa mbaya kweli. Wengine walikuwa wanateseka nayo. Nikaona bora nihangaike na barabara kuliko nihangaike na wewe."

Upepo alikiweka kitambaa.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Kitinda alijikausha mikono na kumgeukia. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi juu ya masikio, na Upepo aliona kwa mara ya kwanza jinsi alivyofanana na mama.

"Mwaka wa kwanza nilikungoja," alisema. "Kila ukija nilisema, leo atasema. Ungesema, ningekutukana, ningekupiga hata kofi, tungelia wote, yangekwisha. Mwaka wa pili nilikungoja. Wa tatu nikaanza kuchoka. Sasa hivi nakutafutia hasira, sioni. Lakini na ule undugu wetu wa zamani pia siuoni. Unanielewa? Nimekuzoea hivi."

"Nakuelewa," alisema Upepo, ingawa ilimchukua muda mrefu kuelewa.

Alielewa kidogo kidogo, kwa kila safari. Sasa hupanda Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na kwa barabara mpya haichukui hata saa moja. Kitinda humpokea vizuri. Humwekea kiti cha sebuleni, humletea chai kwenye kikombe cha wageni, humwuliza habari za kazi na za kaka mkubwa. Majirani wakipita huwapa nao chai, lakini wao huchukua vikombe vya kawaida wenyewe, na humtania Kitinda, na Kitinda huwajibu kwa makelele na kicheko ambacho akimgeukia kaka yake hushuka na kuwa adabu.

Katika ile saa moja na ushei ambayo mama alikaa ameegemea mito akiutazama mlango, Kitinda ndiye aliyekuwa naye chumbani. Yeye peke yake ndiye anayejua kama mama alisema kitu, na kama alisema, alimtaja nani. Upepo hulifikiria swali hilo njia nzima akipanda, na akifika huliweka ulimini. Halafu Kitinda huuliza kama aongeze sukari, naye husema ndiyo, kidogo.